Papa, msonobari mdogo na swali nililouliza vibaya

Hapa Bukavu neno papa lina shida yake. Ukiandika ubaoni kwamba papa yuko hatarini kutoweka, mtoto wa Kadutu anamwaza baba yake kwanza. Ndivyo ilivyonipata Jumamosi moja. Niliandika kichwa cha zoezi, nikageuka, nikakuta watu wamebana midomo, mpaka mmoja akashindwa kujizuia: "Asistanti, papa wa nani?" Tulicheka wote, tukakubaliana kusema rekini kama tunavyosema nyumbani. Humu nitabaki na papa, maana msomaji wa Tanga au Lamu hana shida hiyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Vijana tisa wa biolojia, chumba cha kuazima, umeme hakuna, taa moja ya sola katikati ya meza kwa sababu wingu la mvua lilikuwa limeufunika mji saa nane mchana. Niliwapa karatasi mbili, moja ya papa, nyingine ya msonobari mdogo, na swali moja: kati ya hawa wawili nani yuko hatarini zaidi, na kama una dola 10,000 utazipeleka kwa nani? Dakika ishirini za kusoma, kisha kura. Papa alipata nane. Msonobari ulipata moja.

Matokeo hayakunishangaza. Kilichonikalisha mpaka jioni ni sababu walizotoa, kwa kuwa kila moja ilikuwa na ukweli ndani yake na bado hesabu ilikataa kufunga.

Papa wa kwenye karatasi ni Carcharhinus longimanus, papa wa bahari kuu mwenye mapezi mapana ya mviringo yenye ncha nyeupe, kana kwamba mtu ameyachovya kwenye chokaa. Anaishi karibu na uso wa maji katika bahari zote za joto, mbali na pwani. Zamani alikuwa miongoni mwa papa wengi kuliko wote huko kilindini. Mabaharia walimzoea kama sisi tulivyozoea mwewe wanaozunguka juu ya soko. Hana woga wala haraka, na akisikia harufu ya chambo anakuja. Tabia hiyo ndiyo iliyommaliza, kwa sababu meli zinazowatafuta jodari huachilia kamba ndefu zenye ndoano nyingi sana, naye huwa wa kwanza kufika. Mapezi yake yana bei nzuri katika biashara ya supu huko Asia. Jike hubeba mimba miezi 10 hadi 12 na kuzaa watoto wachache. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, ule tunaouita UICN kwa mazoea ya Kifaransa, ulimweka katika daraja la juu kabisa la viumbe ambao bado wako porini: hatarini sana kutoweka.

Mti ni Pherosphaera fitzgeraldii. Unaota Australia, katika Milima ya Buluu magharibi ya Sydney, kwenye miamba ya mchanga inayolowa maji ya maporomoko. Usiufikirie kama ile misonobari iliyopandwa mistari kwa mistari kwenye vilima vya Kivu. Ni kichaka kinachoning'inia, kimo cha mita moja hivi, chenye matawi membamba na vijani vya urefu wa milimita chache. Mimea ya kiume na ya kike iko mbalimbali, kwa hiyo dume lililobaki peke yake kwenye mwamba wake halizai kitu. Mimea yote iliyoko porini inahesabiwa kwa mamia, nayo imepangana kwenye majabali kati ya Wentworth Falls na Katoomba, umbali usiofika kilomita 10. Hiyo kwetu ni safari ya moto, yaani pikipiki, ya ndani ya mji. Motari hata hatabishana nawe sana kuhusu bei.

Sababu ya kwanza ya wale wanane ilikuwa namba. Kijana mmoja alikuwa amesoma mahali kwamba papa huyu amepungua kwa 99%, akaiweka mezani kama karata ya mwisho. Nani angebishana na 99? Namba hiyo ipo kweli. Ilitoka katika utafiti wa 2004 uliolinganisha kumbukumbu za uvuvi za Ghuba ya Meksiko za miaka ya 1950 na zile za miaka ya 1990. Lakini ni ghuba moja, si bahari zote, na mwaka uliofuata wataalamu wengine waliipinga. Walisema vifaa vilikuwa vimebadilika katikati: ndoano zilishushwa kina kingine, na vipande vya waya vilivyokuwa juu ya ndoano viliacha nafasi kwa nailoni. Papa anaikata nailoni kwa meno na kwenda zake. Mvuvi anavuta kamba tupu, na kwenye daftari papa huyo hayupo. Basi ukihesabu kwa daftari tu, utawazika hata walio hai.

Tukairekebisha. Tathmini ya dunia nzima inasema upungufu umezidi 80% katika vizazi vitatu vya papa huyo, yaani kama miaka 61. Bado ni msiba. Lakini 80 na 99 zinamaanisha mambo tofauti kabisa kwa waliobaki: kwa 80 amebaki mmoja kati ya watano, kwa 99 amebaki mmoja kati ya mia. Yule kijana alinyamaza kidogo, akachukua kalamu na kuifuta namba yake mwenyewe. Nilipenda hilo.

Hiyo 80 nayo ilituzalia mjadala ambao sikuupanga. Orodha Nyekundu, ile ambayo UICN hupangia viumbe madaraja ya hatari, ina vigezo kadhaa, na cha kwanza ni kuporomoka: ukipungua 30% katika miaka 10 au vizazi vitatu (kile kilicho kirefu zaidi), uko katika tishio, 50%, uko hatarini, 80%, uko hatarini sana. Kijana wa Kabare, ambaye amekulia akiona mlima Kahuzi kila asubuhi, akaruka. Sokwe wetu, yaani gorila wa Grauer, walikadiriwa 16,900 katikati ya miaka ya 1990 na 3,800 mwaka 2015. Akapiga hesabu pembeni ya karatasi: 77%. "Sasa 77 haijafika 80. Mbona mwaka 2016 walimweka hatarini sana?"

Lilikuwa swali zuri kuliko lolote nililoandika mimi. Jibu liko kwenye kizazi. Kizazi cha gorila ni kama miaka 20, na ile 77% ilianguka ndani ya kizazi kimoja tu. Kigezo kinataka vitatu. Ukiendelea kwa mwendo ule ule, 80 unaivuka mapema sana. Ni kweli kwamba makadirio mapya ya 2021 yalipandisha idadi hadi 6,800, lakini sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni kwa sababu watu walifika kuhesabu maeneo ambayo vita viliwazuia zamani. Ni somo lile lile la nailoni: idadi inayoonekana inategemea uliweza kusimama wapi ukihesabu. Na hili si la Australia wala Meksiko, ni la saa moja na nusu kutoka hapa tulipokaa.

Sababu ya pili haikusemwa waziwazi, lakini niliisikia: papa ana meno. Mnyama mkubwa anapopotea tunahisi kitu kimeng'oka. Kichaka cha mita moja kikipotea, nani atakikuta hakipo? Hata ndani ya milima ile ile ya Australia kuna mti mwingine, Wollemi, uliogunduliwa mwaka 1994, wenye urefu unaofika mita 40, na dunia nzima iliuandika. Jirani yake mfupi wa maporomoko hakupata hata robo ya sifa hizo. Sitalikawia hili, kila mtu analijua.

Sababu ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu, na ilitoka kwa dada mmoja mwenye sauti ya sokoni, ambaye wadogo wote pale humwita yaya, yaani dada mkubwa. Alisema: "Muti tunapanda. Rekini tutapanda wapi?"

Chumba kizima kilimpigia meza. Nami nilikaa kimya, maana kwa upande mmoja alikuwa sahihi kabisa. Pherosphaera hukuzwa bustanini kwa vipandikizi. Unakata kijiti, unakitia udongoni, kinashika. Papa wa bahari kuu hutamkuza kwenye bwawa na kumrudisha Atlantiki. Kama zoezi lingekuwa kuzuia jina lisifutike kwenye orodha, mti ungekuwa salama kuliko papa, na kura nane zingekuwa halali.

Hapo mvua ikaanza.

Si mvua ya kutisha, ile ya kawaida ya Bukavu, lakini chumba chetu kiko chini ya mteremko na mbele ya dirisha kuna kanivo, yaani mfereji wa maji ya mvua. Katika dakika kumi maji yakaanza kushuka. Kwanza yalikuja ya rangi ya udongo. Kisha sabuni, povu jeupe lililokuwa limelala kwenye mitaro ya nyumba za juu tangu watu wafue asubuhi. Kisha sasheti, chupa za plastiki, kandambili moja ya bluu iliyokwama kwenye jiwe na kuzungukazunguka pale. Kila mtu wa mji huu anajua safari ya mzigo huo: unaingia mtoni, unaingia ziwani, na plastiki zikifika mlango wa Ruzizi zinakwenda kuziba mitambo ya umeme, kisha tunauliza kwa nini taa zimezimika. Aliye juu anamwaga, aliye chini anapokea.

Yule aliyeupigia msonobari kura, kijana mpole wa Panzi ambaye hakuwa amesema neno tangu mwanzo, akanyoosha kidole dirishani. "Ni hii," alisema. Akarudia, "Ni hii tu, hawakuisoma."

Na kweli ilikuwa kwenye karatasi, mstari wa tano kutoka chini. Miji ya Katoomba na Wentworth Falls imejengwa juu ya ukingo wa majabali. Mvua ikinyesha, maji ya barabara, bustani na mifereji ya mji yanaingia vijitoni, vijito vinaruka ukingoni, na yale maji yanayotawanyika kama moshi ndiyo chakula, kinywaji na hewa ya kile kichaka. Yakija na mbolea na uchafu, magugu ya kigeni yanashamiri na kuusonga. Yakipungua kwa ukame, mwamba unakauka. Mti haukukatwa na mtu. Hakuna anayeutaka kwa mbao, kwa makaa, wala kwa supu. Unakufa kwa sababu unaishi chini ya kanivo ya watu.

Basi rudi kwa hoja ya yaya. Kipandikizi utakipanda, ndiyo, lakini ukikirudisha kwenye mwamba ule ule chini ya maji yale yale, umepanda nini? Ukikiacha kwenye chungu bustanini umeokoa jina, na mahali pake pameachwa pafe. Yaya alitazama kandambili ile ikizunguka, akasema hilo analielewa, kwao walishapanda maua mara tatu kwenye ukuta wa kuzuia mmomonyoko.

Tuliporudi mezani tuliuchukua mti na kuupitisha kwenye vigezo kama tulivyofanya kwa papa, na hapa ndipo palipokuwa na utamu wa kisomi. Kigezo cha kuporomoka hakiusaidii sana, kwa kuwa haujawahi kuwa mwingi. Kinachouhusu ni kigezo cha eneo: ukiwa na chini ya kilomita za mraba 100 za kuenea uko kwenye kundi la juu, chini ya 5,000 kundi la pili. Msonobari huu, hata ukiuchorea duara la ukarimu, haufiki 100. Lakini eneo peke yake halitoshi. Kwa kawaida unaonyesha pia kwamba hali inaendelea kuharibika, na kwamba mahali unapoishi ni pachache: mahali pamoja tu kwa daraja la juu, pasipozidi patano kwa daraja linalofuata.

Mahali pamoja ni nini? Wanne walisema kila poromoko ni mahali pake. Wengine walisema ukingo wote ni mahali pamoja. Sheria ya orodha haihesabu mahali kwa ramani, inahesabu kwa tishio: eneo ambalo tukio moja linaweza kuwapata wote waliomo kwa mara moja. Kwa hiyo ukisema tishio ni ukame, ukingo wote ni mahali pamoja, maana ukame hauchagui kijito. Ukisema tishio ni maji machafu, kila kijito kina mfereji wake na kitongoji chake, nawe unapata mahali kadhaa. Mti ni ule ule, mwamba ni ule ule, daraja linabadilika kulingana na adui uliyemtaja. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Sheria ya Australia yenyewe imeuweka katika kundi la walio hatarini kutoweka. Sisi tuligawanyika katikati, watano kwa wanne, na sikulazimisha.

Papa naye tungempitisha kwenye kigezo cha eneo angefeli vibaya. Eneo lake ni bahari zote za joto duniani. Kwa ramani ana kila kitu. Anaporomoka akiwa na nyumba kubwa kuliko ya wanyama wengi, na mti umebanwa kwenye kijibaraza chake bila kuporomoka kwa kishindo. Ukiweka neno moja, "hatarini", juu ya wote wawili, umelifanya neno hilo libebe mizigo miwili isiyofanana uzito wala umbo.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dola 10,000. Kwa papa, pesa hizo ni kama kutupa chumvi ziwani. Dawa yake iko kwenye mikutano ya nchi zinazovua jodari. Mwaka 2010 wasimamizi wa uvuvi wa jodari wa Atlantiki walikataza meli kubaki na papa huyu. Mwaka 2013 mkutano wa mkataba wa biashara ya viumbe pori, uliofanyika Bangkok, ulimweka, kwa wakati huo, kwenye orodha ya viumbe ambao biashara yao inadhibitiwa. Ni hatua nzuri, ila marufuku ya kubaki naye haimwondoi kwenye ndoano. Wengi hutupwa baharini wakiwa wameshakufa au wanakufa. Ndiyo maana mimi huiona hatua ya Pasifiki ya magharibi na kati ya mwaka 2022 kuwa ya maana zaidi, ingawa haina sifa: walikubaliana kwamba katika ukanda wa joto meli za kamba ndefu ziache kutumia waya juu ya ndoano. Ile nailoni tena. Kilichovuruga hesabu ya Ghuba ya Meksiko, upande huu kinaokoa maisha. Papa anakata, anaondoka na ndoano mdomoni.

Kwa msonobari, dola 10,000 si chumvi ziwani. Ni siku za kazi za watu wanaoshuka kwa kamba kung'oa magugu, ni kichujio kwenye mfereji mmoja, ni vipandikizi vya mimea ya kike kwa mwamba uliobaki na madume tu. Kitongoji kimoja kikirekebisha mfereji wake, poromoko moja linapumua. Ukinifunga mkono wa kuchagua, pesa ndogo ningezipeleka kwa mti na kelele ningezipeleka kwa papa. Kijana wa Kabare alinipinga papo hapo: watoa pesa hawatoi kwa kelele, wanatoa kwa meno, na papa akikusanya pesa nyingi bahari nzima inafaidika pamoja na jodari. Alikuwa na hoja, nami sikuwa na jibu la kumshinda.

Kosa basi lilikuwa la nani? Langu. Niliuliza "nani zaidi" kana kwamba kuna mizani moja, kisha nikabandika pesa kwenye swali lile lile. Hatari ni swali moja. Unachoweza kufanya kwa fedha ulizo nazo ni swali jingine. Vijana walijibu nusu ya kwanza kwa namba, nusu ya pili kwa moyo, wakaziunganisha kwa sababu karatasi yangu ilikuwa imeziunganisha.

Tulipiga kura tena kabla ya kuondoka. Watatu walibaki kwa papa, wawili kwa mti, wanne walirudisha karatasi tupu. Mvua ilikuwa imepungua. Nje kuna ua wa sipre, na mmoja wao alivunja kijiti, akakisugua na kukinusa, akauliza kama ni ukoo mmoja na kile kichaka cha Australia. Nikamwambia hapana, sipre ni ukoo mwingine. Ndugu wa karibu wa kile kichaka tunao kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, ile miti ya podo inayorefuka mpaka shingo ichoke kuitazama. Hakuamini. Alitazama kijiti chake, akatazama upande wa mlima, ambao kwa ukungu haukuonekana hata kidogo.

Usiku huo niliandika zoezi upya. Swali la kwanza: kila kiumbe kinapotea kwa njia gani? La pili: nani ameshika kamba inayoweza kukiokoa? Sikuandika "zaidi" popote, na pesa nilizifuta. Jumamosi iliyofuata niligawa karatasi mpya, yaya akaisoma yake mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu, akainua kichwa.

"Asistanti, sasa zile dola zetu ziko wapi?"